Fundi wa Ngozi wa Mtaa wa Henley

Wasomaji wa Kiswahili waliomjua William Shakespeare kwa mara ya kwanza katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, watakumbuka kwamba kabla ya Kaizari mwenyewe kutia mguu jukwaani, na kabla ya wala njama kuanza kunong'onezana, wanatangulia mafundi. Seremala na mshona viatu wanasimamishwa njiani na wakubwa wa Roma, wanakemewa kwa kutembea siku ya kazi wakiwa wamevaa nguo za sikukuu bila ya alama ya kazi zao, na seremala anaulizwa iko wapi aproni yake ya ngozi na iko wapi rula yake. Mchezo huo ulionyeshwa London mwaka 1599, na katika mwaka huo, mbali na kelele za ukumbi, katika mji mdogo wa Stratford-upon-Avon uliomo jimbo la Warwickshire, alikuwa yu hai bado mzee mmoja ambaye aproni ya ngozi ilikuwa vazi lake la kila siku tangu ujana wake. Mzee huyo ndiye aliyekuwa baba wa mtunzi wa mchezo.

John Shakespeare hutajwa vitabuni kama ngazi inavyotajwa na mtu aliyekwisha fika darini. Huandikwa kwamba alikuwa mshona glavu, kwamba alipata cheo kisha akafilisika, halafu mwandishi huharakisha kwenda kwa mwana, ambako ndiko kwenye utamu wa habari. Mimi leo nataka kumtazama mzee huyu kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha waziwazi jambo ambalo limewapata karibu mafundi wote wa zamani, wa kwao na wa kwetu, nalo ni kwamba mikono yao ilifanya kazi miaka hamsini pasipo mtu kuandika neno, ila siku waliyokosa, siku waliyodaiwa au siku waliyopewa madaraka, ndipo karani alipochovya kalamu. Hapana glavu hata moja iliyosalia ambayo mtu aweza kuishika akasema kwa yakini kwamba John ndiye aliyeikata. Kilichobaki ni hati za baraza na mahakama, na mwenye kutaka kumwona fundi hana budi kumtafuta nyuma ya mshitakiwa.

Hati ya kwanza inayomtaja Stratford ni ya jaa la samadi. Tarehe 29 Aprili 1552 John alitozwa faini ya shilingi moja, pamoja na majirani wawili, kwa kosa la kurundika takataka mbele ya nyumba katika mtaa wa Henley badala ya kuzipeleka kwenye jaa la watu wote lililokuwa mwisho wa mtaa huo. Wako waliolicheka tukio hili kwa karne nyingi, kana kwamba ni aibu kwa mtunzi mkubwa kuwa na baba aliyetozwa kwa ajili ya samadi. Lakini mtu aliyepata kupita karibu na kazi ya ngozi hatacheka, kwa sababu anajua ni uchafu kiasi gani unaotoka katika ngozi moja ya mbuzi, na anajua pia kwamba mwenye uchafu mwingi mlangoni pake ni mtu mwenye kazi nyingi ndani.

Alikuwa mgeni mjini. Baba yake, Richard, alikuwa mkulima wa kupanga katika kijiji cha Snitterfield, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka Stratford, na shamba alilolilima lilikuwa mali ya bwana mmoja wa Wilmcote aliyeitwa Robert Arden. John aliliacha jembe akaja mjini kutafuta riziki ya mikono, na alipokwisha kusimama akamwoa Mary, binti mdogo kabisa kati ya mabinti wanane wa huyo Robert Arden, yaani binti wa mwenye shamba. Baba mtu alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka 1556, akamwachia Mary kwa wasia ardhi ya Wilmcote na fedha kidogo, tena akamfanya mmoja wa wasimamizi wa wasia huo juu ya udogo wake, jambo ambalo linaonyesha kwamba msichana huyo hakuwa mtu wa kudharauliwa akili. Katika mwaka huo huo wa 1556 John alinunua nyumba mbili, moja katika mtaa wa Henley na nyingine katika mtaa wa Greenhill, na akashitakiwa kwa dai la pauni 8, na ni katika shauri hilo la deni ndimo karani alimoandika kazi yake: mshona glavu. Laiti asingalidaiwa, huenda tungalingoja miaka mingi kuipata shahada ya ufundi wake.

Ufundi wenyewe ulianza kwenye uvundo ukaishia kwenye manukato, na yafaa kuueleza kwa utulivu, kwa sababu ndio uliojaza siku zake. Watengenezaji wa ngozi katika Uingereza ya zama zile walikuwa wa namna mbili, ambao sheria na desturi ziliwatenga: walioshika ngozi nzito za ng'ombe, wakaziloweka miezi mingi katika maji ya magome ya mwaloni kwa ajili ya viatu na matandiko ya farasi, na walioshika ngozi nyepesi za mbuzi, kondoo na paa, wakazigeuza kuwa ngozi nyeupe laini. John alikuwa katika kundi hili la pili. Ngozi mbichi ilioshwa damu na tope, ikatiwa katika maji ya chokaa mpaka mashina ya manyoya yakalegea, kisha ikatandazwa juu ya gogo la mviringo na kuparwa kwa kisu kirefu chenye mipini miwili, nje kuondoa manyoya, ndani kuondoa nyama na utando. Baada ya hapo ilioshwa tena kuitoa chokaa, ndipo ikaingizwa katika rojo la shabu na chumvi, likiongezwa unga na viini vya mayai; na shabu hiyo ni ile ile ambayo vinyozi wetu huipitisha juu ya shavu baada ya wembe, ikikaza ngozi ya aliye hai kama inavyoikaza ya aliyekufa. Ngozi ikitoka humo na kukauka huwa ngumu kama ubao, nayo haifai kitu mpaka irushiwe maji kidogo na kuvutwa kwa nguvu huku na huku juu ya ubapa wa chuma butu uliosimamishwa kwenye kigingi, ikisuguliwa mpaka ikunjike kama hariri. Kazi hiyo ya kuvuta ilikuwa kazi ya mabega, na ilitaka mtu asiye na pupa, kwa kuwa ngozi ikivutwa kwa hasira hupasuka, na ikivutwa kwa uvivu hubaki na mabaka magumu ambayo mnunuzi huyagundua mara ile atiapo kidole. Aidha, ngozi ya shabu ina ila moja ambayo fundi mwaminifu hakuificha, nayo ni kwamba ikilowa sana shabu hutoka na ulaini wake hupotea. Glavu za aina hiyo zilikuwa za kuvaliwa na watu ambao mikono yao haikukutana sana na maji.

Hapo ndipo mkasi ulipochukua nafasi. Mtu asiyejua hudhani glavu ni vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa pembeni, ilhali mkono una vidole vitano vinavyokwenda kila kimoja upande wake, na glavu iliyokatwa kijinga huvutika wiki moja ikawa mfuko. Fundi alikata kipande kikuu cha kiganja na mgongo wa mkono, akakata kidole gumba peke yake, akakata vipande vyembamba vya kupita kati ya kidole na kidole, na mwisho akakata vijipande vidogo vya pembe nne, visivyozidi ukucha, vya kutia katika mashina ya vidole ili mkono uweze kufumbwa bila ya kushonoka. Kila kipande kiliwekwa kwa kufuata mvuto wa ngozi, kwa kuwa ngozi ya mnyama hunyumbuka upande mmoja kuliko mwingine, na glavu njema hutakiwa inyumbuke kwa upana wa mkono na ikatae kurefuka. Ushonaji uliofuata ulifanywa kwa mishono midogo mno, aghalabu na wanawake wa nyumbani, na migongo ya glavu za fahari ilitobolewa na kutiwa nakshi ambazo mistari yake ilipimwa kwa bikari.

Bikari hiyo ni muhimu katika habari yetu. Kati ya vyombo vyote vya John, ndiyo pekee ambayo twaweza kusema tumeiona, maana alipotakiwa kutia sahihi katika hati za baraza la mji hakuandika jina, bali alichora bikari ndogo, na mara nyingine alitia msalaba. Wengi wamesema kwamba huo ni ushahidi wa kutosha kuwa hakujua kuandika. Mimi sioni kwamba ushahidi huo unatosha. Jirani yake Adrian Quiney, mmoja wa wale waliotozwa pamoja naye kwa samadi, naye alitia alama katika hati, ilhali barua zake alizoziandika zipo mpaka leo. Na John mwenyewe alishika hesabu za fedha za mji kwa miaka kadhaa, kazi ambayo haikabidhiwi mtu asiyeaminiwa kujua lililomo kitabuni. Fundi alichora chombo chake kwa kuwa ndicho alichojulikana kwacho, kama mhunzi angalivyochora nyundo, nami napenda kuamini kwamba aliichora kwa fahari.

Glavu hazikuwa kitu duni. Zilitolewa zawadi katika harusi, zilitunzwa wakubwa na waamuzi, Malkia Elizabeth alipelekewa nyingi, na zile za daraja ya juu zilitiwa manukato ili harufu ya asili yake isahaulike. Siku ya soko, ambayo Stratford ilikuwa Alhamisi, washona glavu walipewa mahali pao karibu na msalaba wa soko, mahali pa mbele penye watu wengi. Fundi aliyesimama hapo wiki baada ya wiki alijulikana na kila mtu, na mtu anayejulikana na kila mtu hupewa kazi za watu wote.

Akapewa. Mwaka 1556 aliwekwa kuwa mwonja pombe na mkaguzi wa mikate ya mji, mwaka 1558 akawa konstebo, mwaka 1559 akawa katika wale waliokadiria faini za wakosaji, na mtu aweza kutabasamu akikumbuka shilingi ya samadi. Kutoka 1561 alikuwa mtunza hazina. Katika hesabu za hazina hiyo upo mstari mmoja wa shilingi 2 zilizolipwa kwa kuharibu picha za watakatifu katika kanisa dogo la chama cha mji, kwa amri za dini mpya iliyoshika dola. Picha hizo zilipakwa chokaa tu, na mwaka 1804 chokaa ilipobanduliwa zikaonekana. Ni vigumu kusema John alilionaje jambo hilo moyoni. Alilipa mafundi wenziwe ujira wao, akaandika.

Mwana aliyekuja kuwa mashuhuri alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564, na kabla hajatimiza miezi mitatu tauni iliingia mjini, ikaua watu zaidi ya 200 kabla ya mwaka kwisha. John na Mary walikuwa wamekwisha wazika mabinti wawili wachanga. Baraza la mji lilikutana bustanini kwa kuogopa hewa ya ndani, na jina la John limo katika orodha ya waliotoa fedha kwa ajili ya maskini na wagonjwa. Mwaka uliofuata akawa mmoja wa wazee wa mji, na mwaka 1568 akachaguliwa kuwa mkuu wa mji mzima, cheo kilichompa haki ya kuketi hakimu na kutanguliwa na askari wenye fimbo akienda barazani. Katika mwaka wake wa ukuu, 1569, makundi mawili ya wachezaji wa michezo yalifika Stratford na kulipwa kutoka hazina ya mji, kundi la Malkia shilingi 9 na kundi la mwinyi wa Worcester shilingi 1. Hiyo ndiyo hati ya kwanza ya michezo ya kuigiza katika mji huo, na idhini ilitoka kwa mshona glavu.

Laiti angaliridhika na glavu! Lakini aliyeshika ngozi ya kondoo huona kwamba sufu iliyotoka juu yake ina bei, na John alikwisha kuona. Alinunua sufu na kuiuza kwa wafuma nguo, biashara ambayo sheria ya wakati ule iliwaruhusu wafumaji na chama cha wafanya biashara wakubwa peke yao, akawa pia anakopesha fedha kwa riba, jambo lililokatazwa kabisa na sheria nyingine. Mwaka 1570 alishitakiwa mara mbili kwa riba, kwamba alimkopesha mtu pauni 100 kwa faida ya pauni 20, na pauni 80 kwa faida ya pauni 20 vile vile, na kwa shitaka moja alitozwa shilingi 40. Hayakupita muda mrefu akashitakiwa tena kwamba amenunua sufu tod 300, na kila tod ni ratili 28, yaani mzigo wa karibu kilo 3,800, kwa bei ya shilingi 14 kila tod. Hesabu yake ni pauni 210. Na ili msomaji apate kuikadiria fedha hiyo, mwalimu wa skuli ya Stratford alilipwa pauni 20 kwa mwaka. Huyu hakuwa mtarazaki wa kibandani.

Sisemi hivi kwa kumsitiri wala kwa kumfedhehesha. Mashitaka ya namna hiyo yaliletwa na wapelelezi wa kujitegemea waliogawiwa nusu ya faini, na wengi wa wafanya biashara wa mji walifanya aliyoyafanya yeye bila ya kukamatwa. Ila haiwi rahisi tena kuusoma mchezo wa Mabepari wa Venisi, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1969, na kudhani kwamba mtunzi alijifunza habari za mkopeshaji, mdhamini na siku ya kulipa kutoka vitabuni peke yake. Alipokuwa mtoto wa miaka sita baba yake alisimamishwa mbele ya sheria kwa riba. Na alipofika miaka kumi na minne alimwona mama yake akipoteza ardhi yake kwa rehani.

Maana baada ya mwaka 1576 mambo yaligeuka. John, ambaye kwa miaka kumi na mitatu alikuwa hakosi mkutano, aliacha kwenda barazani. Wapo wanahistoria wanaolihusisha jambo hili na amri ya serikali ya mwaka huo iliyowasimamisha wanunuzi wa sufu nchi nzima, nami naona hoja yao ina nguvu, kwa kuwa mtu mwenye fedha nyingi ndani ya magunia ya sufu akizuiwa kuyanunua na kuyauza huanguka upesi kuliko mkulima aliyepatwa na ukame. Mwaka 1578 aliiweka rehani nyumba na ardhi ya Wilmcote, ile ya mirathi ya mkewe, kwa Edmund Lambert, mume wa dada yake Mary, kwa pauni 40 za kurudishwa baada ya miaka miwili. Fedha haikulipwa kwa wakati, Lambert akaishika ardhi, na kesi iliyofuata ilikokotwa mahakamani mpaka miaka ya 1590 bila ya ardhi kurudi. Mwaka 1580 mahakama ya Malkia ilimtoza pauni 20 kwa kutofika kuweka dhamana ya kudumisha amani, na pauni 20 nyingine kwa kumdhamini mtengeneza kofia wa Nottingham ambaye naye hakufika. Fedha ya mishahara ya mwalimu wa skuli kwa miaka miwili ilikwenda kwa siku moja.

Wenziwe wa barazani walimvumilia kwa namna inayopendeza kuisoma. Walimpunguzia mchango wa kuwavalisha askari, wakamwachilia peni 4 za kila wiki za maskini, na kwa miaka kumi hawakulifuta jina lake ingawa kiti chake kilikuwa kitupu. Mpaka Septemba 1586 ndipo walipomchagua mwingine, wakieleza kwamba ameitwa muda mrefu wala haji. Miaka sita baadaye, 1592, jina lake limeandikwa tena pamoja na watu wengine wanane walioacha kwenda kanisani kwa kuogopa kukamatwa kwa madeni, kwa kuwa Jumapili ilikuwa siku ambayo mdai alijua pa kumpata mdeni wake. Wengine wamedai kwamba deni lilikuwa kisingizio na kwamba mzee alikuwa Mkatoliki wa siri. Huenda. Lakini mtu ambaye karibu kila karatasi yake ni ya deni hahitaji kisingizio cha deni.

Katika mtiririko huu wa hati mtu hupoteza kuona kwamba nyumba ya mtaa wa Henley haikuuzwa. Alimega kipande chembamba cha kiwanja kando ya nyumba, akamwuzia jirani yake muuza nguo mwaka 1597 kwa pauni 2 na nusu, akatia alama yake. Ila nyumba yenyewe, alimolelea watoto watano waliofikia utu uzima, aliishika mpaka kufa. Na imesimuliwa kwamba sakafu ya chumba chake ilipofumuliwa katika karne ya 19 zilikutwa chini yake tembe za sufu zilizoshikamana na udongo. Mtu aliyejificha wadai alikuwa bado anafanya kazi.

Hata utukufu wake wa mwisho ulikuja kwa karatasi. Tarehe 20 Oktoba 1596 ofisi ya nembo ya London ilimpa John haki ya kuwa na nembo ya ukoo, mkuki wa dhahabu juu ya utepe mweusi na kozi aliyeshika mkuki, na katika maelezo yaliyoambatana ikaandikwa kwamba ni mtu wa mali ya pauni 500. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu aandikwe kuwa haendi kanisani kwa ajili ya madeni. Ada ya nembo yaelekea ililipwa na mwana, ambaye kwa wakati huo fedha ya jukwaa ilikuwa imeanza kumjia, na mwaka 1602 afisa mmoja wa ofisi ile ile alinung'unika kwamba nembo zinapewa watu wa hali ya chini, akitaja kwa dharau jina la Shakespeare mchezaji. Katika nembo hiyo haimo bikari wala glavu. Fundi aliinuliwa kwa sharti kwamba kazi iliyomwinua isionekane.

Iko mahali pengine ambako inaonekana. Mwana aliyekulia nyumba hiyo hakuisahau harufu yake, na mwenye kuisoma michezo yake kwa jicho la fundi huikuta ngozi kila mahali: ndevu za mtu zinafananishwa na kisu cha mviringo cha kuparia cha mshona glavu, usemi mbele ya mtu mwerevu unafananishwa na glavu ya ngozi laini ya mbuzi, ambayo ndani yake hugeuzwa nje kwa wepesi, Romeo anatamani kuwa glavu katika mkono wa Juliet, na Hamlet, akisimama makaburini na fuvu la mtu, anauliza kama karatasi za hati hazifanywi kwa ngozi ya kondoo, rafiki yake akamjibu kwamba za ndama pia. Wataalamu wa fasihi huziita tamathali. Mvulana aliyewahi kushikilia ncha ya ngozi wakati baba yake akiivuta juu ya chuma angaliziita mambo ya nyumbani. Tena hati zilizomwandama baba mtu maisha yake yote, za rehani, za dhamana na za riba, ziliandikwa juu ya ngozi hiyo hiyo ya kondoo.

Picha yake haiko. Maneno yaliyoandikwa kumhusu kwa sura yake ni machache mno, nayo ni ya kasisi Thomas Plume, aliyenakili katikati ya karne ya 17 kwamba Sir John Mennes alimkuta dukani mwake, mzee mwenye mashavu ya furaha, akasema kwamba mwanawe Will alikuwa kijana mwema ila yeye mzee alithubutu kutaniana naye wakati wowote. Habari hii huvutia sana, na ina kasoro moja: Mennes alizaliwa mwaka 1599, na John alizikwa tarehe 8 Septemba 1601. Hata hivyo siwezi kuitupa kabisa. Mtu hazushi mzee mcheshi dukani pasipo kusikia kwamba alikuwako mzee mcheshi dukani. John Aubrey naye, katika karne hiyo hiyo, aliandika kwamba baba huyo alikuwa muuza nyama. Hilo twaweza kulitupa, kwa kuwa mshona glavu alinunua ngozi kwa wauza nyama na majirani wa mbali huchanganya.

Nyumba ilimwangukia William, mwana mkubwa, naye alikuwa na nyumba kubwa zaidi, kwa hiyo aliyebaki mtaa wa Henley ni dada yake Joan, aliyeolewa na William Hart, mtengeneza kofia. Hart alizikwa tarehe 17 Aprili 1616, na mshairi akafariki tarehe 23 ya mwezi huo, baada ya kumwandikia Joan katika wasia kwamba akae katika nyumba hiyo maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Kizazi cha mshairi hakikudumu. Mwanawe wa kiume, Hamnet, alikufa mwaka 1596 akiwa na miaka 11, wana watatu wa binti yake Judith walikufa bila ya kuacha watoto, na mjukuu wake wa mwisho, Elizabeth, alifariki mwaka 1670, naye akawaachia nyumba wajukuu wa Joan.

Wakina Hart waliishika mpaka mwaka 1806. Walikuwa watu wa kazi za mikono, na mwishoni mwa karne ya 18 sehemu moja ya nyumba ilikuwa bucha, kwa hiyo uvumi wa Aubrey ulikuja kuwa kweli kwa kuchelewa miaka mia. Nyumba ilinunuliwa kwa ajili ya umma mwaka 1847 kwa pauni 3,000, na leo wageni huonyeshwa humo mahali palipokuwa karakana ya glavu. Mmoja wa ukoo huo, John Hart, fundi wa viti, alikuwa amehamia Tewkesbury, na alipofariki mwaka 1800 alizikwa karibu na kanisa la zamani la Wabaptisti la mji huo. Jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa mtu wa kizazi cha sita cha mshairi Shakespeare. Alikuwa ametoka kwa Joan, na Joan alitoka kwa mshona glavu.